Barua ya wazi kwa wasimamizi wa bima za afya nchini: karatasi iondoke, na majibu yaje

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kamishna wa Bima, pamoja na wakurugenzi wa mifuko na kampuni zote za bima ya afya Tanzania.

YAH: KUHAMISHA MAWASILIANO KATI YA BIMA ZA AFYA NA MADAKTARI KUTOKA KWENYE KARATASI KWENDA KWENYE MIFUMO YA KIELEKTRONIKI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia nikiwa daktari wa magonjwa ya watoto katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Sehemu ya wiki yangu ya kazi ambayo ingepaswa kuwa ya wagonjwa huishia kwenye fomu za madai, maombi ya vibali na barua za kujibu makato, na najua kwamba madaktari wenzangu katika mikoa mingine wanaishi hivyo hivyo. Nimeona niandike hadharani kwa sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila Mtanzania anayeingia kwenye bima kwa mujibu wa sheria hiyo anakuja na ujumbe wake: wa kuthibitisha uanachama, wa kuomba kibali, wa kudai malipo, wa kukata malipo, wa kukata rufaa. Kama njia ya kupitisha ujumbe huo imeziba leo, wakati wenye bima bado ni wachache, haitazibuka yenyewe watakapokuwa wengi.

Nianze kwa kukiri yaliyofanyika, maana si haki kuandika kana kwamba hakuna aliyefanya kazi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kutoa huduma mwaka 2001, umepiga hatua kubwa katika kuthibitisha wanachama na kupokea madai kupitia mifumo ya kompyuta. Hospitali na vituo vingi vya Serikali vinatumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendesha shughuli za hospitali. Na wengi hawajui kwamba programu ya IMIS, iliyoanza kutumika hapa Tanzania mwaka 2012 kwa ajili ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuja kufanywa programu huria kwa jina la openIMIS na kutumiwa katika nchi nyingine, ikiwemo Nepal. Nchi hii haina upungufu wa akili wala wa uzoefu katika jambo hili.

Tatizo ninaloliona ni jingine, nalo ndilo kiini cha barua hii. Karibu kila hatua ya kielektroniki iliyochukuliwa mpaka sasa imelenga kuziwezesha kampuni na mifuko ya bima kutukagua sisi watoa huduma, au kutuwezesha sisi kutuma kwa haraka zaidi. Hatua za kuzilazimisha bima kujibu, kwa wakati unaojulikana, kwa sababu inayoeleweka, na kwa daktari yule yule aliyemwona mgonjwa, ni chache mno. Tumejengewa njia ya kwenda, na njia ya kurudi bado ni ya karatasi. Ninaomba hatua inayofuata ianzie kwenye njia ya kurudi.

Naomba ruhusa yenu niieleze safari ya dai moja, kwa kuwa wengi wanaofanya maamuzi haya hawajawahi kukaa katika chumba cha madai mwisho wa mwezi. Mgonjwa anafika mapokezi, kadi yake inahakikiwa na namba ya uthibitisho inatolewa. Daktari anamwona, anaandika utambuzi wa ugonjwa na msimbo wake, vipimo, dawa na idadi yake, kisha anaweka jina, sifa ya kitaaluma, namba ya usajili na sahihi. Mgonjwa naye anasaini, au mama anasaini kwa niaba ya mtoto. Fomu inakwenda maabara, inakwenda dirisha la dawa, inarudi. Mwisho wa siku makarani wa madai wanazikusanya, wanazipanga kwa namba, wanachapa upya kwenye kompyuta kila kilichoandikwa kwa mkono, na pale wasipoweza kusoma mwandiko wa daktari wanamtafuta wodini au wanakisia. Kwa bima ambazo mfumo wao unapokea madai kwa mtandao, taarifa zinatumwa; lakini baadhi yao bado zinataka fomu zenyewe ziwafuate, kwa hiyo katoni zinafungwa, zinapigwa muhuri na kusafirishwa hadi ofisi ya mkoa au Dar es Salaam. Wengine wanataka nakala iliyoskaniwa, na karani anashinda kwenye mashine ya kuskani akigeuza karatasi moja moja. Yaani kazi ileile inafanywa kwa mkono, kwa kompyuta na kwa gari, na zote zinalipiwa na hospitali.

Kisha kimya kinaanza. Wiki zinapita, pengine miezi, na siku moja mhasibu anapokea malipo yaliyopungua pamoja na jedwali la makato. Safu ya sababu ina maneno mawili au matatu: "dawa haiendani na ugonjwa", "kipimo hakikuhitajika", "sahihi haipo". Jedwali hilo linabaki ofisi ya fedha. Daktari aliyeandika ile dawa halioni, na hata akiliona, mgonjwa alishatoka zamani, jalada liko stoo, na muda wa kupinga unakaribia kwisha.

Nitoe mfano mmoja ninaoukumbuka vizuri. Mtoto mwenye kisukari alilazwa kwa nimonia. Alipewa dawa za nimonia, na bila shaka aliendelea na insulini, kwa sababu mtoto wa aina hiyo akikosa insulini hata kwa muda mfupi anaingia hatarini. Fomu ilikuwa na nafasi finyu ya utambuzi. Maradhi yote mawili yaliandikwa, la pili likabanwa pembeni kwa herufi ndogo, na karani aliyekuwa akichapa aliliona la kwanza tu. Insulini ikakatwa kwa sababu kwamba haitibu nimonia. Mhakiki hakukosea kwa kile alichokiona mbele yake. Kama angekuwa na njia ya kuuliza swali moja, "Je, mgonjwa huyu ana kisukari?", ningemjibu siku hiyohiyo kwa neno moja na jambo lingeisha. Badala yake tuliandika barua, tukaambatisha nakala za jalada, tukazituma, na mpaka jibu linakuja, hakuna aliyekuwa na hamu tena ya kujifunza chochote kutokana na lile kosa. Fomu ilibaki na nafasi ileile finyu.

Katika makato ninayoyapitia naona aina tatu za kasoro ambazo leo zinasafiri katika katoni moja na kusubiri foleni moja. Ya kwanza ni makosa ya uandishi: tarakimu ya kadi iliyokosewa, tarehe isiyolingana, jinsi iliyosahaulika. Haya mfumo wowote unaojiheshimu huyakamata kabla dai halijatoka hospitalini, na hakuna sababu ya mtu mzima aliyesomea tiba kukaa akiyatafuta kwa kalamu nyekundu. Ya pili ni masuala ya mkataba: bei isiyolingana na kitita cha mafao, huduma iliyo nje ya ngazi ya kituo, dawa isiyo kwenye orodha. Haya nayo yanaweza kujulikana papo hapo, tena ni heri mgonjwa ayajue akiwa bado dirishani kuliko hospitali kuyajua baada ya miezi miwili. Aina ya tatu ndiyo inayostahili macho ya binadamu, nayo ni pale madaktari wawili wenye nia njema wanapotofautiana kuhusu kipimo au dozi. Mkitenganisha aina hizi tatu, wahakiki wenu watapata muda wa kufanya uhakiki wa kweli wa kitabibu, na sisi tutapata mtu wa kuzungumza naye.

Vibali vya awali vina uzito wa pekee, kwa sababu hapo mgonjwa hajatibiwa bado. Picha ya CT au MRI, baadhi ya upasuaji na dawa za saratani mara nyingi haviwezi kuanza mpaka bima iridhie. Niliwahi kumwombea mtoto mchanga mwenye kichwa maji kipimo cha CT, na ombi likarudi kwa sababu muhuri wa hospitali haukusomeka kwenye nakala. Hakuna aliyepinga kwamba mtoto anahitaji kipimo. Baba yake alipanda basi na karatasi mpya mfukoni, kwa nauli yake, ili wino uonekane. Na kwa kuwa njia rasmi huwa nzito kiasi hicho, watu wamejitengenezea njia za panya: fomu hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp kwenye namba binafsi ya mfanyakazi, ikiwa na jina la mgonjwa, ugonjwa wake na namba ya kadi. Inasaidia, na wanaofanya hivyo wanafanya kwa huruma, lakini hakuna anayejua picha hizo zinaishia wapi.

Katika hili uko uzoefu wa nje unaotuhusu. Marekani ilipitisha sheria iitwayo HIPAA mwaka 1996, ambayo pamoja na mambo mengine iliagiza viwango vya pamoja vya miamala ya kielektroniki kati ya bima na watoa huduma, kuanzia dai lenyewe hadi maelezo ya malipo. Madai yakahamia kwenye kompyuta kwa sehemu kubwa. Vibali vya awali, hata hivyo, viliendelea kwa simu na faksi kwa miaka mingi, na madaktari wa huko wakaendelea kulalamika. Ndipo Januari 2024 taasisi ya Serikali yao inayosimamia Medicare na Medicaid (programu za bima ya afya za Serikali, hasa kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo), yaani CMS, ikatoa kanuni inayozitaka bima zinazohusika na programu hizo, kuanzia mwaka 2026, kujibu maombi ya dharura ndani ya saa 72 na maombi ya kawaida ndani ya siku 7, na kutaja sababu mahususi kila zinapokataa. Karibu miaka 30 ilipita kati ya kuweka viwango vya kutuma na kuweka wajibu wa kujibu. Sisi tunaojenga sasa hatulazimiki kupita njia hiyo ndefu. Tunaweza kuviweka vyote viwili katika kanuni za sheria moja.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kubwa ni kwamba muda wa kujibu uandikwe katika kanuni na upimwe na mfumo wenyewe. Kila ombi lipewe saa ya kupokelewa, na kila jibu saa ya kutolewa. Kwa maombi ya dharura, muda uhesabiwe kwa saa na uendelee kuhesabiwa usiku, Jumapili na sikukuu, kwa sababu utumbo uliojinyonga hausubiri Jumatatu. Muda ukipita bila jibu, iwe sheria kwamba ombi limekubaliwa. Najua kifungu hiki cha mwisho kitapingwa, na nitafurahi kusikia hoja za wanaokipinga, lakini kwa sasa gharama yote ya kuchelewa inabebwa na mgonjwa na hospitali, na yule anayechelewesha hapotezi kitu.

Jibu lenyewe liwe na sura inayotumika. Sababu ya kukataa au kukata iwe na msimbo unaofanana kwa bima zote, ili tuweze kuzihesabu na kujirekebisha, na iwe pia na sentensi ya kawaida ya Kiswahili inayosema nini hasa kilikosekana. Ifike kwa daktari aliyeandika, kwenye akaunti yake, wakati huohuo inapofika kwa mhasibu. Na kwenye jibu hilohilo kuwe na nafasi ya daktari kujibu na kuambatisha matokeo ya kipimo, mazungumzo yote yakibaki mahali pamoja ili atakayehakiki rufaa asianze upya.

Hapa niongeze tahadhari, kwa kuwa mifumo hii inakuja pamoja na programu zinazofanya maamuzi. Mashine ikamate tarakimu iliyokosewa, na ilinganishe bei na mkataba. Hilo ni jema. Kukataa kwa sababu za kitabibu kuwe na mtu nyuma yake, mtaalamu aliyesajiliwa na baraza lake la kitaaluma, ambaye namba yake ya usajili inaonekana kwenye jibu kama yangu inavyoonekana kwenye ombi. Mimi nawajibika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika kwa kila dawa ninayoandika. Anayeizuia dawa hiyo anafanya uamuzi wa tiba, na anapaswa kusimama kwa jina lake pia.

Suala la kuondoa karatasi zinazorudufu ni rahisi zaidi, na sitatumia maneno mengi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki na sahihi za kielektroniki. Mgonjwa aliyethibitishwa kwa alama za vidole au kwa sura hahitaji kusaini tena kwenye karatasi ili tuamini kwamba alikuwepo. Tangazeni tarehe ambayo baada yake bima yoyote iliyopokea dai kwa mtandao haitaruhusiwa kudai fomu ya karatasi ya dai hilohilo, wala kukata malipo kwa sababu karatasi haikufika. Tarehe hiyo ikiwa mbali kidogo si neno, mradi ipo na inajulikana.

Ugumu mkubwa zaidi wa kiufundi uko kwenye wingi wa milango. Hospitali yenye mikataba na bima kadhaa ina mifumo kadhaa ya kuingia, nywila kadhaa, orodha kadhaa za dawa na majina tofauti ya huduma ileile. Karani anafungua kurasa nyingi kwenye skrini moja, na mfumo wa hospitali wenyewe haujui chochote kinachoendelea huko. Kila bima mpya inayojiunga na soko inaongeza mlango mwingine. Ukiiuliza bima yoyote itakwambia mfumo wake ni wa kisasa, na huenda ni kweli, lakini hospitali ndiyo inayolipa gharama ya mifumo yote ya kisasa isiyozungumza yenyewe kwa yenyewe.

Nchi yetu imewahi kulitatua tatizo la aina hii katika fedha. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kuunganisha huduma zao za pesa ili mteja wa mtandao mmoja aweze kumtumia wa mtandao mwingine moja kwa moja, na Vodacom ikaungana nao mwaka 2016, jambo lililoifanya Tanzania itajwe duniani miongoni mwa nchi za mwanzo kufanikisha hilo. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Serikali nayo ina GePG, ambapo mwananchi anapata namba moja ya malipo na kulipia kupitia benki au simu yoyote, bila kujali anailipa taasisi gani. Na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iliyo chini ya Kamishna imekwisha kuondoa stika za karatasi za bima ya magari na kuweka za kielektroniki, ambazo askari au mwenye gari anazihakiki kwa simu. Kama gari lina haki ya kuhakikiwa hivyo, mgonjwa anayo zaidi.

Ninachopendekeza ni lango moja la kitaifa la kubadilishana taarifa kati ya bima na watoa huduma, ambalo kila bima, ya Serikali au binafsi, italazimika kujiunga nalo kama sharti la leseni. Hospitali itume dai au ombi la kibali mara moja kutoka kwenye mfumo wake, na lango lilipeleke kunakohusika na kurudisha jibu. Bima zisiruhusiwe kubuni misimbo yao: magonjwa yaandikwe kwa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ICD, na dawa na huduma kwa orodha moja ya Taifa inayotunzwa na Wizara. Kuhusu muundo wa ujumbe wenyewe, kipo kiwango cha kimataifa cha FHIR ambacho kiko wazi kwa yeyote kukitumia bila malipo. Uamuzi wa kutumia kiwango kimoja ni wa kiutawala kuliko wa kiufundi, na ndiyo maana ninawaandikia ninyi na sikuwaandikia mafundi.

Naomba pia mtukumbuke sisi tulio mbali na mitandao imara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika nchini kote kwa muda. Kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika kinaishi katika hali hiyo mara kwa mara bila kutangazwa kwenye habari. Mfumo wowote utakaochaguliwa uwe na uwezo wa kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta au kishkwambi cha kituo na kuzituma mtandao unaporudi, na saa inayohesabiwa iwe ile ya huduma kutolewa. Mgonjwa asirudishwe nyumbani, wala kuambiwa alipe taslimu, eti kwa sababu mtandao uko chini. Na zahanati ambazo bado zinajaza vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za huduma za afya, kwa mkono zipewe vifaa na mafunzo kabla ya tarehe ya mwisho kuzifikia. Zisiadhibiwe kwa umaskini wao.

Nimesikia hoja kwamba karatasi inalinda mifuko dhidi ya udanganyifu. Udanganyifu upo, na watoa huduma waliohusika wametuchafua sote. Lakini katika karatasi, sahihi inaghushiwa na fomu inajazwa usiku bila mgonjwa, na mhakiki anayeipokea wiki sita baadaye hana namna ya kujua. Kumbukumbu ya kielektroniki inaonyesha nani aliingia, saa ngapi, kutoka kituo gani, na kama daktari mmoja ameandikiwa wagonjwa ambao asingeweza kuwaona kwa siku moja. Ninayeandika ningependa kumbukumbu hizo ziwepo, kwa sababu zinamlinda daktari mwaminifu dhidi ya dhana kwamba wote ni wezi.

Kuhusu faragha, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti chini yake. Ipo pia sheria ya mwaka 2008 ya VVU na UKIMWI inayolinda usiri wa hali ya mgonjwa. Kwa msingi huo bima ipokee kile tu kinachohitajika kuamua dai lililo mbele yake. Jalada zima la mgonjwa wa afya ya akili halipaswi kufunguliwa kwa ajili ya kuthibitisha pakiti moja ya dawa. Kila anayesoma taarifa aache alama, na mwanachama awe na haki ya kuona nani amesoma taarifa zake, na aione kwenye simu yake bila kuandika barua.

Mwisho kuna suala la umiliki na gharama. Majirani zetu wa Kenya waliacha NHIF, mfuko wao wa Taifa wa bima ya hospitali, na kuanza na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, wakiwa na mfumo mpya wa kidijitali, na mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo ikahoji kwa uzito kwamba Serikali haimiliki mfumo inaoulipia mabilioni ya shilingi. Lango letu liwe mali ya umma, programu yake na takwimu zake zibaki mikononi mwa taasisi za nchi, na mkataba wake usomwe na yeyote anayetaka. Hospitali zisitozwe ada kwa kila dai linalopita. Ada hiyo, hata ikiwa ndogo, itaishia kwenye bei ya huduma na kwenye mfuko wa mgonjwa.

Ninawaomba mtoe rasimu ya kanuni na viwango hivi hadharani, kwa Kiswahili, na mtupe muda wa kutosha wa kuisoma na kutoa maoni kabla haijasainiwa. Katika kamati itakayoiandaa, pamoja na madaktari, wafamasia na wataalamu wa mifumo, wekeni makarani wa madai kutoka hospitali ya rufaa, hospitali ya wilaya na zahanati, maana wao wanajua ni wapi dai hukwama kuliko sisi sote tunaosaini. Nami niko tayari kuitwa, kwa gharama zangu, kuleta mifano ya fomu na makato niliyoyataja, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Daktari wa watoto,
Nyanda za Juu Kusini